Mahakama ya Arusha haikufuta kitanzi

Kwenye vijiwe vya kahawa Arusha na Moshi utasikia kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, "ilishafuta" adhabu ya kifo Tanzania. Si kweli.

Novemba 28, 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, mahakama hiyo ilikosoa hasa ulazima wa adhabu hiyo. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinamtaka jaji amhukumu kifo anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Hapimi alivyoishi, kilichomsukuma, wala kama anaweza kurekebika. Ajabu ni kwamba aliyeua bila kukusudia husikilizwa hayo yote, kwa sababu kwa kosa hilo kifungo cha maisha ni ukomo tu, na jaji anaweza kushuka chini yake. Mahakama ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania iuondoe. Adhabu yenyewe haikuifuta.

Wengine husema basi, mbona watu hawanyongwi? Kwa sababu mtu hanyongwi mpaka Rais asaini hati ya kunyonga, na tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini.

Matokeo yake ni hali ya katikati, nami naiona mbaya kuliko kunyonga na kuliko kufuta adhabu hiyo. Wafungwa wengine, kama wa gereza la Karanga, Moshi, hushona viatu na kutoka na ufundi. Aliyehukumiwa kifo hanyongwi, wala haandaliwi kurudi uraiani.