Ripoti ya ukaguzi wa moto: iandike ili mwenye jengo asiweze kusema hakujua

Wengi hudhani ugumu wa kazi ya mkaguzi wa usalama wa moto ni kuona kasoro. Kuona si kazi. Ukishazoea, mlango wa dharura uliofungwa mnyororo utauona kabla hujamaliza kusalimiana na mlinzi. Jasho linakutoka ukikaa kuandika, kwa sababu kasoro iliyoandikwa kijuujuu humwachia mwenye jengo upenyo wa kusema baadaye, "Mimi sikuambiwa hivyo."

Upenyo huo si jambo la kufikirika. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, kwenye ghorofa za juu za jengo moja mjini New York. Walikufa watu 146, wengi wao wanawake na wasichana. Kwenye ghorofa ya tisa, mlango mmoja wa kutokea kwenda kwenye ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda, Isaac Harris na Max Blanck, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Desemba ya mwaka huohuo wakaachiwa huru. Jaji alikuwa amewaelekeza wajumbe wa baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwamba haitoshi mlango kuwa umefungwa. Lazima ithibitike kwamba washtakiwa walijua umefungwa wakati ule. Hilo halikuthibitika. Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena, safari hii kwa kufunga mlango wa kiwanda kingine wakati wafanyakazi wamo ndani. Faini yake ilikuwa dola 20.

Kwa hiyo mimi huichukulia ripoti kama hati ya kumjulisha mtu, kwa tarehe na kwa saini, jambo ambalo kesho hataweza kulikana.

Chukua sentensi ambayo nimeisoma katika ripoti nyingi: "Mlango wa dharura una tatizo." Mlango upi? Tatizo gani? Fundi akitumwa na karatasi hiyo atazunguka jengo zima, atapaka mafuta bawaba za mlango wa kwanza atakaoukuta, kisha ataandika kwamba kazi imekwisha. Sasa soma hii: "Ghorofa ya 2, mwisho wa korido ya mashariki, mlango wa kwenda ngazi B. Komeo upande wa ndani limefungwa kwa kufuli. Ufunguo haupo karibu na mlango. Msimamizi alisema unakaa kwa mlinzi getini. Saa 4:20 asubuhi, watu wakiwa kazini. Picha 7 na 8." Saa imewekwa kwa sababu kufuli la usiku kwenye jengo tupu na kufuli la mchana watu wakiwa ndani ni mambo mawili tofauti. Ya ufunguo nimeandika "alisema" kwa kuwa mimi sikuuona huko getini. Picha ni mbili makusudi: moja ya mbali inayoonyesha namba ya ghorofa, nyingine ya karibu inayoonyesha kufuli. Ya karibu peke yake inaweza kuwa ya jengo lolote duniani.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kutenganisha nilichokiona na ninachokidhani. Usiandike "mtungi wa kuzimia moto ni mbovu." Andika kwamba mshale wa geji, yaani kipimo cha shinikizo, uko kwenye nyekundu, sili imekatika, lebo ya huduma ina tarehe fulani. Msomaji atajua mwenyewe kama ni mbovu. Na uwe unajua unachokitazama: mitungi ya kaboni dayoksaidi haina geji, uzima wake hupimwa kwa mizani. Nimewahi kuona ripoti ambayo mitungi hiyo iliorodheshwa kama kasoro kwa sababu "haina geji." Mwenye jengo alishikilia ukurasa huo mmoja kuikataa ripoti yote, pamoja na kurasa zilizosema kweli tupu kuhusu ngazi zake zilizojaa makatoni.

Kila kasoro iambatane na kifungu cha kanuni inayotumika hapo ulipo. Jengo la zamani huenda linahukumiwa kwa kanuni tofauti na jengo jipya, hivyo angalia hilo kabla hujaandika. Lile unalolipenda tu, lisilo na kifungu, liweke chini ya kichwa cha mapendekezo.

Kuna kasoro zisizongoja ripoti. Njia ya kutokea ikiwa imefungwa na watu wamo ndani, unamwita msimamizi papo hapo na hubanduki mpaka kufuli litoke. Akigoma, unapiga simu kwa mamlaka ya zimamoto, hata kama aliyekuajiri ni yeye. Hapo ndipo wakaguzi binafsi wengi wanapopata kigugumizi. Nawaelewa, lakini siafikiani nao.

Kufuli likishatoka, utasikia maneno haya: "Si nimeshafungua? Basi usiliandike." Liandike. Andika kwamba lilikuwepo, na kwamba liliondolewa mbele yako saa fulani. Kufuli lina miguu; mgeni akiondoka hurudi. Ukilikuta mara ya pili bila rekodi ya mara ya kwanza, utaambiwa ni bahati mbaya ya siku hiyo.

Kasoro ndogo kwa macho ndizo zinazohitaji sentensi ya ziada. Kabari ya mbao chini ya mlango wa kuzuia moto, au mkono wa kujifungia uliong'olewa kwa kuwa mlango "unasumbua," mwenye jengo huona ni mzaha. Mwandikie athari yake: mlango huu usipojifunga, moshi utaingia kwenye ngazi ambayo watu wa juu wote wanaitegemea kushuka. Jengo la Grenfell Tower la London liliungua Juni 2017 wakafa watu 72. Kilichosambaza moto kwa kasi ni vifuniko vya nje vya ukuta, lakini uchunguzi wa umma, katika ripoti yake ya 2019, ulieleza pia kwamba milango isiyojifunga iliruhusu moshi kuenea ndani. Matundu ya nyaya juu ya dari nayo ni hivyohivyo. Fundi wa intaneti anatoboa ukuta wa kuzuia moto, anapitisha waya, anaondoka. Nyanyua kigae cha dari, piga picha ukiwa na futi ya kupimia, andika upana wa tundu.

Kisha mkabidhi ripoti mtu anayehusika kisheria. Mpokezi wa wageni hahesabiki, hata akiahidi kuifikisha. Jengo likiwa na mwenye nyumba na mpangaji, wote wawili wapate nakala, maana kila mmoja atasema ngazi ni za mwenzake. Apokee kwa saini na tarehe, na kila kasoro iwe na siku yake ya mwisho ya kurekebishwa. Mwezi mmoja kwa vyote, kuanzia kufuli mpaka kibandiko cha mshale wa kutokea, ni uvivu wa mkaguzi.

Ukirudi kukagua, tumia namba zilezile. Kasoro namba 3 inabaki namba 3 mpaka uifunge, hata ikichukua ziara kadhaa. Siku hizi wengi hutuma picha za simu kuonyesha kazi imekwisha. Kwa kibandiko cha mshale wa kutokea nazipokea, mradi namba ya ghorofa ionekane. Kwa mlango naenda mwenyewe, naufungua mpaka mwisho, nauachia, nasimama kuona kama utajifunga wenyewe hadi kitasa kishike.