Mkopo wa Bodi: yanayosemwa vijiweni na yaliyo kweli

Dirisha la maombi likifunguliwa, steshenari za mjini hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Kaa hapo asubuhi moja tu, utasikia kila aina ya habari kuhusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata.

Linalosikika sana ni hili: "Mtoto wa maskini hana haja ya kuhangaika, mkopo ni wake." Laiti ingekuwa hivyo. Mfumo haumwoni mtoto, unaona karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo (ukizaliwa Zanzibar, ni ofisi ya huko). Fomu inataka saini na mhuri wa serikali ya mtaa, kisha wa wakili au hakimu, na mdhamini aliye tayari kuweka picha yake. Ada ya kuomba ni shilingi 30,000, na kwa familia inayouza mkaa hiyo si hela ya kuokota.

Kuna jambo lililonifunza zaidi kuliko maelezo yoyote. Kijana mmoja alifiwa na baba akiwa darasa la tano. Walimzika kijijini, wakala matanga, wakarudi shambani. Cheti cha kifo hakuna aliyekikumbuka. Miaka minane baadaye anaomba mkopo kama yatima, na hana cha kuonyesha. Kijiji kizima kinalijua kaburi, lakini kwa mfumo baba yake bado yuko hai. Mwingine cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu, cha kidato cha nne kinasema Yusuph. Kurekebisha jina si kazi ya siku moja, na dirisha halisubiri. Kwa hiyo anayesema karatasi zishughulikiwe matokeo yakitoka anakosea kwa miaka mingi: mzazi mwenye mtoto kidato cha kwanza ndiye wa kwenda RITA sasa.

"Ukipata mkopo umemaliza." Bodi hupima uhitaji, na mkopo una vipengele: ada ya chuo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, na kadhalika. Unaweza kupewa ada yote, au sehemu tu. Pesa ya ada inakwenda chuoni moja kwa moja, haipiti mkononi mwako, na kilichopungua ni chako kujazia. Soma mgawanyo wako kipengele kwa kipengele kabla hujaanza kushangilia kwenye grupu la WhatsApp.

Halafu kuna boom, yaani ile fedha ya chakula na malazi anayopewa mwanafunzi mkononi. Hapa vijana wananiudhi kidogo, ingawa nasi tulikuwa vilevile. Fedha hiyo imepanda hadi shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Ukisaini boom la siku 60 unapata 600,000 kwa mpigo, na mtu ambaye hajawahi kushika laki mbili anajiona ameajiriwa. Sasa chukua kalamu. Umekosa hosteli, umepata geto, chumba cha kupanga mtaani, la 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Hiyo ni 360,000. Umebakiwa na 240,000, yaani 4,000 kwa siku: kula, nauli, vocha, fotokopi. Simu mpya hujanunua bado. Wanaonunua simu ndio siku ya arobaini utawakuta wakikopa mtandaoni, 50,000 irudi 60,000 mwezi ukiisha, na boom linalofuata linaingia likiwa limeshaliwa. Kwa boom la kwanza, mwenye akili anatafuta mwenzake wa kuchangia geto kabla ya kitu kingine chochote.

"Hela ya serikali hailipwi, na nikijiajiri hawanipati." Ni mkopo, si ruzuku. Mwajiri anawajibika kisheria kukata asilimia 15 ya mshahara. Zamani ilikuwa asilimia 8, ikapandishwa mwaka 2016. Aliyejiajiri naye ana kiwango chake: asilimia 10 ya kipato au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi. Kujificha hakupunguzi hata senti.

Wapo pia wanaoogopa kupita kiasi. Nimesikia mama akimwambia bintiye aache chuo kwa sababu "deni la Bodi linazaa mpaka unastaafu". Mama huyo hakuwa mjinga. Alikuwa akisimulia alichokiona kwa mdogo wake mwalimu. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka. Chukua deni la milioni 10 na mshahara wa 800,000. Makato ni 120,000 kwa mwezi, 1,440,000 kwa mwaka, lakini mwaka wa kwanza tozo peke yake ilirudisha 600,000 juu ya deni. Mtu analipa, deni linachechemea. Siku ya Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Bila tozo hiyo, deni hilohilo linakwisha kwa takriban miaka saba.

Ila usiiache hesabu hiyo kwa mwajiri peke yake. Omba taarifa ya deni lako kila mwaka, ilinganishe na salari slipu, na mwezi ule deni linapofika sifuri uwe wa kwanza kupeleka barua kwa mhasibu. Mashine ya makato haijui kujisimamisha.