Shakkei: bustani inayoazima milima

Neno la Kijapani shakkei huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ni "kuazima", ya pili ni "mandhari". Ni namna ya kutengeneza bustani ambapo kitu kilicho nje kabisa ya uzio, kama vile mlima, msitu au paa la hekalu, kinafanywa kuwa sehemu ya bustani yenyewe. Wazo hili lilitoka China, Wajapani wakalikuza mpaka likawa lao.

Kiswahili kinatufaa sana hapa, kwa sababu kinatofautisha kukopa na kuazima. Ukikopa fedha, unarudisha nyingine. Ukiazima sufuria ya jirani, unarudisha sufuria ileile, nzima. Shakkei ni kuazima hasa: mlima haununuliwi wala hauguswi, unabaki wa mwenyewe.

Wengi hudhani kwamba mahali popote penye kuonekana mbali pana shakkei. Sivyo. Baraza inayotazama bahari ni baraza yenye mandhari nzuri, basi. Kinachofanya shakkei ni kuficha. Fundi huziba kile kilichopo katikati, yaani barabara, ukuta, mwisho wa kiwanja, ili jicho litoke kwenye maji ya karibu na kufika kwenye mlima wa mbali bila kujua limevuka mpaka wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Shugakuin Rikyu, kasri la mapumziko lililo chini ya mlima Hiei, kaskazini mashariki mwa Kyoto. Mfalme Go-Mizunoo, aliyeachia kiti mwaka 1629, alilijenga katika miaka ya 1650. Kuingia ni bure, ila unaomba nafasi kwa idara inayosimamia mali za kifalme, uwe umetimiza miaka 18, na mnatembea kwa kikundi mkiongozwa, kama kilomita 3 hivi.

Kasri lina bustani kadhaa, na kufika ile ya juu unapanda ngazi za mawe zilizobanwa na ua mrefu wa miti kila upande. Huoni kitu ila mgongo wa aliyekutangulia. Kisha unatokea kwenye kibanda cha Rin'un-tei, maana yake "jirani ya mawingu", na kila kitu kinafunguka kwa mkupuo: bwawa la Yokuryuchi chini yako, na nyuma yake vilima, safu juu ya safu, hadi vinafifia. Zile ngazi zilikunyima kwa makusudi.

Bwawa lenyewe ni kazi ya mikono. Maji yamezuiwa na boma la mawe lenye urefu wa mita 200 hivi, lakini ukuta huo umevikwa miti ya aina nyingi iliyochanganywa na kukatwa pamoja, hata ukionekana kutoka bondeni unadhani ni mteremko tu. Kibanda nacho hakina pambo. Inama tu utazame sakafu ya nje, chini ya upenu: vijiwe vyekundu na vyeusi vimepandwa kwenye lipu, hapa kimoja, pale viwili, kule vitatu. Zaidi ya hapo, jicho lisishikwe na kitu, liende mlimani.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri maungo, na hofu hiyo ipo kweli. Mwenye mandhari akijenga ghorofa, bustani imeharibika bila hata jani moja kuanguka. Ndiyo maana mwaka 2007 jiji la Kyoto liliweka sheria za kubana urefu wa majengo na kulinda mandhari zinazoonekana kutoka sehemu maalumu. Shugakuin ilikuwa imetangulia: mwaka 1964 serikali ilinunua mashamba ya mpunga yaliyo kati ya bustani zake ili yasije yakajengwa, na wakulima wa hapo wakaendelea kuyalima. Mpaka leo mgeni anapita njia ya misonobari akiwa na mpunga kulia na kushoto, na msimu wa mavuno huwakuta watu kazini, ndani ya bustani ya mfalme.