Anza na The Monkey's Paw

Wanaotaka kujifunza kuandika taharuki huniuliza waanze na hadithi gani. Nawapa The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, iliyotoka mwaka 1902. Ni fupi, utaimaliza kwa kikao kimoja.

Jacobs, mzaliwa wa Wapping, London, alivuma kwa hadithi za kuchekesha za mabaharia, na ucheshi huohuo ndio unaotuingiza mtegoni. Nje mvua inanyesha. Ndani, akina White wanaota moto wakitaniana, baba na mwanawe wanacheza sataranji. Mzee anamwacha mfalme wake hatarini bila sababu yoyote. Wengi huipita sentensi hiyo. Irudie ukishamaliza, utaona kwamba ulishaambiwa mzee huyu ni mtu wa namna gani.

Anaingia mgeni, sajenti meja aliyetumikia India, na mkono wa kima uliokaushwa. Unatimiza maombi matatu. (Mgeni mwenyewe ni wa kawaida tu, tumeshakutana naye kwenye hadithi nyingi.) Mzee anaomba pauni 200. Anazipata. Zinakujaje, sisemi.

Ila kuna usiku mmoja mlango unabishwa, na hapa ndipo ninapowataka wanafunzi wangu wasome polepole. Mama anashuka ngazi mbio akafungue. Baba, kwa hofu ya kilichoko nje, amebaki juu gizani, anatambaa akipapasa sakafu kuutafuta ule mkono. Jacobs hatuteremshi chini. Anatubakiza na baba, tusikie tu: mnyororo unafunguliwa, komeo la chini linavutwa kwa shida, mama anapiga kelele kwamba la juu halifikii, kisha kiti kinaburutwa. Muda wote huo mlango unagongwa. Hofu yote imesimama juu ya kimo cha mama na komeo gumu.

Miswada mingi ninayoletewa ina damu ukurasa wa kwanza na zimwi lililoelezwa hadi kucha. Jacobs hasemi nje kuna nini. Hata hakulazimishi kuamini uchawi. Ukitaka kusema yote yalisadifu tu, hadithi haikupingi, na kwangu hilo ndilo linalonikosesha raha hata asubuhi yake.

Kiingereza chake ni cha zamani kidogo, lakini hakichoshi. Inapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni. Filamu zilizotokana nayo ziache kwanza.