Haidrofoili: bawa kwanza, boti baadaye

Neno haidrofoili, ingawa siku hizi hutumiwa kwa chombo kizima, kwa asili ni jina la bawa. Ni ubapa wa metali uliochongwa mfano wa bawa la ndege na kufungwa chini ya boti kwa miguu, ili boti inapokimbia, maji yanayoupita yaisukume juu hadi tumbo lake litoke majini kabisa. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, ndiyo maana bawa fupi hutosha kubeba chombo cha abiria kadhaa. Tumbo likishatoka majini ukinzani hupungua sana, na injini ileile huipa boti mwendo mkubwa zaidi.

Juzi katika baraza moja ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, ilipita picha ya zamani kutoka simu moja hadi nyingine: boti nyeupe yenye madirisha mengi, omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuka, povu limetanda nyuma. Kijana mmoja akasema ni haidrofoili kwa kuwa inakwenda kasi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha akamwuliza, "Mwanangu, chini ya mkuku unaona mwanga?" Swali hilo la mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, lilikata shauri, kwani boti ya kasi ya kawaida huinua omo lakini tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, hubaki majini, ilhali haidrofoili husimama juu ya miguu yake na upande wa pili wa bahari ukaonekana chini yake. Mirengu ya ngalawa nayo isichanganywe na mabawa haya, maana kazi yake ni kuzuia chombo kisipinduke, wala si kukinyanyua.

Anayetaka kutambua haidrofoili ya zamani aanze na umbo la bawa, kwa sababu rangi na jina hubadilishwa kila chombo kinapopata mwenyewe mpya. Mabawa yaliyopangwa kama ngazi, moja juu ya jingine, ni miongoni mwa ya mwanzo: Mwitaliano Enrico Forlanini aliyajaribu katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na chombo HD-4 cha Alexander Graham Bell na Casey Baldwin kiliyatumia nchini Kanada mwaka 1919, kikafikia kilomita 114 kwa saa. Mabawa ya umbo la V, ambayo ncha zake hutokeza juu ya maji, ni ya ukoo wa Mjerumani Hanns von Schertel, aliyeanzisha kampuni ya Supramar nchini Uswisi. Mabawa bapa yanayokaa chini kidogo tu ya uso wa maji ni ya Mrusi Rostislav Alexeyev, ambaye boti yake ya abiria iitwayo Raketa ilisafiri mwaka 1957 kutoka mji wa Gorky (sasa Nizhny Novgorod) hadi Kazan, nchini Urusi, kilomita 420 hivi, kwa saa saba.

Kazi huwa ngumu boti ikikutwa nchi kavu na mabawa yameng'olewa. Hapo inafaa kuinama chini ya tumbo na kutafuta mahali palipoongezwa bamba la pili na safu za matundu ya bolti, maana miguu ilihitaji kushikiliwa kwa nguvu. Shafti ya rafadha, ile pangaboi inayosukuma boti, nayo hutoa siri: katika boti nyingi za aina hii ni ndefu na imeinama sana, kwa kuwa rafadha lazima ibaki majini hata tumbo likiwa juu.

Kuhusu uadimu, uzee peke yake hautoshi. Raketa zilijengwa kwa mamia, kwa hiyo kuipata moja si ajabu kama wauzaji wanavyotaka tuamini. HD-4 ilikuwa moja tu.

Tukirudi kwenye ile picha, mzee aliikuza kwa vidole viwili akaonyesha vyuma vilivyotokeza ubavuni karibu na omo, vya kukinga mabawa mapana kuliko boti yenyewe yasigonge gati. Hiyo ni dalili ya mabawa ya V. Lakini michoro ya Supramar ilijengwa kwa leseni Italia, Norwei na Japani, na kinachoweza kutaja kiwanda ni kile kibati cha mjenzi kinachopigiliwa ndani ya chombo, na picha ilikuwa imepigwa kutoka ufukweni.