Kaliba na idadi ya risasi: kabla hujanunua bastola ya kubeba kiunoni

Mtu akishapata cheti cha kumiliki bunduki, swali la kwanza analonijia nalo kwenye uwanja wa shabaha huwa la kaliba, yaani upana wa risasi: "Mwalimu, nichukue ya milimita 9 au ile kubwa ya .45?" Mara nyingi jibu analo tayari. Rafiki ameshamwambia kwamba risasi kubwa humwangusha mtu papo hapo, na ndogo humkasirisha tu. Imani hiyo nimeiona ikiwaponza wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka. Mtu ananunua bastola asiyoweza kuituliza mkononi, anaipiga mara mbili, inamuumiza kiganja, kisha anaifungia kabatini. Ikija siku ya kuihitaji, ama hanayo, ama anayo na hajui itakavyomtii.

Suala hili limewahi kulitesa shirika lenye wataalamu na fedha kuliko sisi sote. Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, waliwazingira majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix, kwenye mtaa wa makazi karibu na Miami, Florida. Mapambano hayakufika dakika tano, lakini zilipigwa risasi zipatazo 145. Mapema katika vurugu hizo, risasi ya milimita 9 kutoka kwa ofisa Jerry Dove ilipenya mkono wa kulia wa Platt, ikaingia kifuani, ikajeruhi pafu, ikasimama kama sentimita 2.5 kabla ya kuufikia moyo. Jeraha hilo lingemuua. Ila halikumuua mara moja, na dakika alizobakiwa nazo Platt alizitumia akiwa na bunduki ndefu. Jerry Dove na Ben Grogan walikufa, na wenzao watano wakajeruhiwa.

Lawama iliangukia risasi ya milimita 9. Mwaka 1987 FBI iliwakusanya wataalamu wa majeraha huko Quantico, kwenye chuo chake cha mafunzo, na kutokana na kazi hiyo likapatikana sharti linalofuatwa hadi leo: risasi ya kujihami ipenye kati ya sentimita 30 na 46 katika jelatini ya majaribio inayoiga nyama ya mwili. Anayesikia kipimo hicho mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu kifua cha mtu hakina unene huo. Mkumbuke Platt. Risasi ilianza na mkono, ndipo ikafika kifuani, tena kwa ubavuni. Mtu anayepigana hasimami wima akitazama mbele kama karatasi ya shabaha.

FBI ikahamia milimita 10, ikaona inapiga teke mno, yaani inamsukuma mpigaji kwa nguvu inapolia, kwa maofisa wengi. Mwaka 1990 ikaja risasi ya .40 ya Smith & Wesson, na idara nyingi za polisi Marekani zikaifuata. Halafu, mwaka 2014, kitengo cha mafunzo cha FBI kikaandika kwamba risasi za kisasa za milimita 9 zinatimiza kipimo kilekile, na kwamba maofisa wengi wanapiga kwa kasi na kwa shabaha nzuri zaidi wakiwa nazo. Mwaka 2016 shirika hilo likaingia mkataba wa bastola za Glock za milimita 9. Safari ya miaka 30 ikarudi ilikoanzia. Kilichobadilika katikati ni muundo wa risasi yenyewe: kichwa chenye tundu ambacho sasa hutanuka bila kupoteza kina.

Nieleze kwa nini tofauti ya kaliba ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Risasi ya bastola huenda polepole ikilinganishwa na ya bunduki ndefu. Nyama inatanuka inapopitiwa, kisha inarudi mahali pake, na kwa kasi ya bastola utanukaji huo hauleti madhara ya kutegemewa. Kinachobaki ni tundu. Upana wa risasi ya milimita 9 ni milimita 9; ule wa .45 ni kama 11.5. Hiyo milimita 2.5 haiwezi kufidia risasi iliyopita sentimita 10 kando ya ilikokusudiwa. Na hadithi ya mtu kurushwa nyuma na risasi ya bastola iachieni filamu. Kama ingekuwa na nguvu ya kumrusha anayepigwa, ingemrusha na anayeipiga.

Teke, kwa upande mwingine, ni jambo la kweli, na hapa wengi hukosea kwa njia wasiyoitarajia. Humchagulia mama au dada bastola ndogo kabisa ya .380, risasi fupi kuliko ya milimita 9, wakidhani udogo ni upole. Bastola yenye uzito wa gramu 270 haina mwili wa kulimeza teke. Inaruka, inauma kati ya kidole gumba na cha shahada, na kishikio chake hakitoshi vidole vitatu. Risasi ileile ya .380 katika bastola ya ukubwa wa kati ni kitu kingine kabisa, na kwa mwenye baridi yabisi au mkono dhaifu huwa chaguo la busara. Nakuomba: usimnunulie mtu bastola ambayo hajaishika na kuipiga yeye mwenyewe.

Sasa idadi. Pale Miami maofisa kadhaa walikuwa na bastola za silinda, zenye risasi sita. Gordon McNeill alipigwa mkononi, na alipojaribu kujaza silinda yake, damu na vipande vya mfupa vilikuwa vimeiingia. Hakuweza. Edmundo Mireles, mkono wake wa kushoto ukiwa umevunjwa, aliikoki bunduki ya marisau kwa mkono mmoja, kisha akamalizia pambano kwa bastola ya silinda. Ninaposikia mtu akisema risasi tano zinatosha kwa sababu atajaza nyingine haraka, nawafikiria watu hao wawili. Kujaza silaha kunahitaji mikono miwili mizima na sekunde ambazo hakuna aliyekuahidi.

Zamani ilikuwa lazima uchague: bastola nyembamba yenye risasi sita au saba, au nene kama Glock 19 yenye 15. Mwaka 2018 SIG Sauer ilitoa P365, yenye unene wa kama sentimita 2.5 na magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye kishikio) ya risasi 10, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo. Kwa mtu anayevaa shati la kawaida na kuketi ofisini au kwenye matatu, ushauri wangu ni milimita 9, risasi kati ya 8 na 12. Ujue pia kwamba kinachotokeza chini ya shati ni kishikio, si mtutu. Ukiongeza risasi unarefusha kishikio, na ukiinama tu dukani jirani ameshaiona. Kubeba kwa siri kukikosa siri, umejigeuza shabaha ya kwanza na umetia watu hofu.

Zaidi ya 12 sikukatazi, ila nauliza umejiandaa kwa tukio gani. Septemba 21, 2013, Abdul Haji aliingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililokuwa limevamiwa na magaidi, na bastola yake kumtafuta ndugu yake, mbele ya watu wenye bunduki za kivita. Aliyoyafanya siku ile, akishirikiana na polisi waliovaa kiraia na watu wa Msalaba Mwekundu, yalikuwa kuwatoa watu ndani: kujikinga, kulindana, kusonga kidogokidogo. Magazini kubwa pekee haimfanyi mtu kuwa hivyo.

Kuhusu aina ya risasi, ile iliyofunikwa shaba kote ni ya mazoezi. Hupenya mwili na kuendelea, na kwetu ukuta wa pili huwa bati au mbao. Yenye kichwa cha tundu hupunguza hatari hiyo, ingawa haiondoi: ukikosa, hata hiyo hupita bati kana kwamba ni karatasi. Wapo wanaosema imepigwa marufuku duniani. Azimio la The Hague la 1899 lilizuia risasi zinazotanuka vitani; polisi wa nchi nyingi wanazitumia.

Sheria ya nchi ndiyo inayokata shauri. Kwa Kenya, cheti chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Usinunue kwanza ukauliza baadaye. Ndugu zetu walioko Marekani nao wasidanganywe na jinsi silaha zinavyopatikana kirahisi kule. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho hata kushika bunduki, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, lakini California na New Jersey magazini huishia risasi 10, Colorado 15, na New Jersey ina masharti makali juu ya kutembea na risasi zenye tundu.

Kabla ya kulipa, omba kupiga bastola mbili au tatu za kaliba tofauti. Bandika sahani ya karatasi umbali wa mita tano. Anza bastola ikiwa imeelekezwa chini, kisha piga tano kwa sekunde tano, mkufunzi akishika saa. Rudia mara tatu kwa kila bastola, uhesabu matundu yaliyo ndani ya sahani. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja, mwanamume wa kilo mia hivi, aliingiza 7 kati ya 15 kwa .45 aliyokuwa ameshaiwekea amana. Kwa milimita 9 aliingiza 14. Alikaa kimya akizitazama zile sahani, kisha akaomba azirudie zote upya kutoka mwanzo.