Mzee anayejiweza akae wapi, na nani alipe?

Watoto walioko Brussels au Dallas huniuliza jambo moja kila wanapopanga maisha ya wazazi wao hapa Lubumbashi, Kongo: kwetu kuna makazi ya wazee kama ya huko? Wanamaanisha yale ambayo mzee mwenye nguvu zake anapanga nyumba ndogo, anapikiwa, anafagiliwa, na ana watu wa rika lake wa kupiga nao soga. Mimi nawajibu kwamba makazi ya namna hiyo tunayajenga wenyewe, ndani ya parseli, yaani kiwanja cha familia.

Hata Marekani, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haimlipii mzee kodi ya makazi hayo. Analipa kwa pensheni, akiba, au pesa za nyumba aliyouza. Tena malipo ya kila mwezi ni ya makazi, chakula na usafi, uuguzi haumo. Siku miguu ikikataa, ama anaajiri mtu kwa pesa nyingine, ama anahama. Ndiyo maana familia ikija kwangu naanza hapo: mama akishindwa kuamka peke yake, nani atakuja, na atalipwa kwa pesa ipi?

Pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, peke yake mara nyingi haitoshi. Wengine walipewa pesa za kuondoka kazini kwa mkupuo: mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa mpango wa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Pesa ya mkupuo huliwa ikaisha, na mzee bado yupo. Kwa sababu hiyo napinga kwa nguvu zote wazo la kuuza parseli ili mzee apangishiwe mahali pazuri.

Nyumba kubwa ipangishwe, mzee ahamie anekse, nyumba ndogo ya nyuma. Tuseme kodi ni dola 200 kwa mwezi: inamlipa msaidizi, inanunua dawa za presha na makaa ya kupikia, na mwezi ujao inaingia tena. Garanti, yaani amana anayoweka mpangaji, ni suala jingine. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 hairuhusu izidi miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, na siku akihama itabidi arudishiwe. Msiiguse. Na kama baba amefariki, shangazi na baba wadogo wakumbushwe kwamba Sheria ya Familia (Code de la famille) inampa mjane haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Hati za parseli zitafutwe mapema, wakati mzee bado anakumbuka ziko wapi.

Sasa anekse yenyewe. Watu hunionyesha vigae na rangi. Mimi naenda chooni. Choo kikiwa nje, kuanzia Novemba hadi Machi njia yake ni tope, na usiku wa Juni au Julai baridi ya kipwe inamfanya mzee ajizuie hadi asubuhi. Kiwe ndani, au njia ifunikwe na iwe na reli ya kushika. Sakafu ya bafu iwe ya simenti yenye mikwaruzo, maana ile iliyosuguliwa ikang'aa inateleza kwa sabuni. Mlango ufungukie nje: mama akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake unauzuia na hamtaweza kumfikia. Maji ya REGIDESO yanapokatika, asibebe bidoni ya lita 20. Mpeni za lita 5, zijazwe na kijana wa nyumbani. Kizingiti kiondolewe kabisa.

Michango ya watoto itumwe tarehe ileile kila mwezi, kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa mtu mmoja anayeandika kwenye daftari. Daftari likae kwa mama, asomewe. Ni maisha yake yanayolipiwa.

Na kabla fundi hajapaka rangi, mama mwenyewe aende kuijaribu anekse. Akae chooni, ajaribu kuinuka kwa kushika kishikio. Akisema kishikio kiko juu, kishushwe siku hiyohiyo.